Rowland Gibson Hazard, mwenye kiwanda na mwanafalsafa wa Peace Dale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na jina la Hazard kwa bahati tu. Wanasoma habari za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, au historia ya nguo huko Marekani, au harakati za kukomesha utumwa, na jina hilo linachomoza mahali ambapo hawakulitarajia. Majibu haya ni kwa ajili yao. Baadhi ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Yale yanayohusu kitambaa na yale yanayohusu hiari ya binadamu ni marefu, maana hapo ndipo maisha ya mtu huyu yalipofungamana.

Rowland Gibson Hazard alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1801 huko South Kingstown, katika jimbo dogo la Rhode Island, na alifariki Peace Dale, ndani ya South Kingstown hiyohiyo, tarehe 24 Juni 1888. Alikuwa mwenye kiwanda cha nguo, mchuuzi aliyesafiri mbali kutafuta wateja, mbunge wa jimbo lake, mwandishi wa masuala ya fedha, na mwanafalsafa aliyejibizana na wakubwa wa zama zake bila kupita chuo kikuu. Mwaka 1819 alirudi nyumbani kutoka shule na kuingia katika biashara ya familia pamoja na kaka yake Isaac. Alistaafu mwaka 1866 na kuwaachia wanawe, Rowland na John. Kati ya miaka hiyo miwili, riziki ilitoka kiwandani, na uandishi ukapata nafasi yake usiku na safarini.

Ndiye yuleyule Rowland Hazard anayetajwa kwenye historia ya Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe?

Hapana. Yule ni kitukuu wake, Rowland Hazard III (1881–1945), aliyetafuta msaada wa daktari Carl Jung kwa sababu ya ulevi. Ukoo huu ulipenda kurudia majina: baba yake mhusika wetu aliitwa Rowland, mwanawe aliitwa Rowland, na mjukuu wake akapewa jina kamili la Rowland Gibson Hazard. Ukisoma popote, angalia mwaka kwanza, kisha jina.

Peace Dale ni mahali gani?

Ni kijiji cha kiwanda kilichojengwa kando ya mto Saugatucket, ambao maji yake ndiyo yaliyozungusha mitambo. Baba yake, Rowland Hazard wa kwanza (1763–1835), alianza kuwekeza hapo mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1802 tayari kulikuwa na mashine ya kuchana sufu. Jina la kijiji linatokana na mkewe, Mary Peace. Kwa miaka ya mwanzo sufu ilichanwa kwa mashine, lakini ufumaji ulifanywa na majirani majumbani mwao, kwa mikono. Mtambo wa kufuma unaoendeshwa kwa nguvu ya maji ulifika mnamo 1814, ukaanza na kazi nyembamba ya kufuma mikanda, miongoni mwa mitambo ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani.

Kijiji cha pili kinachomhusu Rowland mwenyewe ni Carolina, kwenye jimbo hilohilo. Alinunua kiwanda cha hapo mnamo 1843, na jina linamkumbuka mkewe, Caroline Newbold wa Bristol, Pennsylvania, aliyemwoa mwaka 1828.

Familia ilikuwa ya Marafiki. Ni Marafiki walewale wa Kaimosi?

Ni mti mmoja, matawi tofauti. Marafiki, ambao wengi huwaita Wakwekeri, walianzia Uingereza katikati ya karne ya 17. Wale wa Rhode Island ya akina Hazard waliabudu kimya: hapakuwa na mchungaji wala nyimbo, na mtu alisimama kusema pale tu alipohisi Roho anamsukuma. Wamisionari watatu waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, yaani Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walitoka katika tawi lililokuwa limepokea uinjilisti, mahubiri na uimbaji. Ndiyo maana Mkenya aliyekulia Kanisa la Marafiki huko Vihiga au Kakamega angeshangaa kuketi katika mkutano wa South Kingstown wa mwaka 1810. Hata hivyo, vita vinapigwa marufuku kwa wote wawili, na imani kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu ni yao wote.

Msimamo wa familia hii dhidi ya utumwa ulianzia kwa nani?

Kwa babu yake, Thomas Hazard (1720–1798), aliyepewa jina la utani «College Tom» kwa kuwa alisoma chuo cha Yale kwa muda ingawa hakuchukua shahada. Nitakaa hapa kidogo, maana bila babu huyu huwezi kuelewa uzito ambao wajukuu walirithi.

Nchi ya Narragansett, kusini mwa Rhode Island, alikozaliwa College Tom ilikuwa na mashamba makubwa yaliyozalisha jibini na kufuga farasi wa kuuzwa katika visiwa vya Karibi. Kazi ilifanywa na watumwa, Waafrika kwa wenyeji wa asili, na miongoni mwa mabwana wao walikuwamo Marafiki. Kisa ambacho familia imekisimulia ni hiki: kijana Thomas alitumwa Connecticut kununua ng'ombe, akafikia kwa shemasi wa kanisa jingine. Mazungumzo yakaingia kwenye dini. Shemasi akamwambia wazi kwamba Marafiki si Wakristo, kwa sababu wanawaweka binadamu wenzao utumwani.

Maneno yale yalimwingia. Alipooa mwaka 1742, baba yake, Robert, alitaka kumpa watumwa wa kuanzia maisha. Thomas akakataa. Baba akatishia kumnyima urithi, na bado akakataa, akalima kwa wafanyakazi wa kulipwa. Baadaye alikuwa mmoja wa waliosukuma Marafiki wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, wachukue msimamo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1770 waumini waliong'ang'ania watumwa walikuwa wakifukuzwa katika mikutano. Mwaka 1784 Rhode Island ilipitisha sheria ya kuwaacha huru watoto wa watumwa hatua kwa hatua, na mwaka 1787 ikawakataza wakazi wake kushiriki biashara ya kuwasafirisha watumwa baharini. College Tom alikuwa katika kazi hiyo hadi uzeeni.

Rowland alisoma wapi?

Katika shule za Burlington, New Jersey, na Bristol, Pennsylvania, kisha Westtown, shule ya bweni ya Marafiki huko Pennsylvania. Hisabati ilimvutia kuliko masomo mengine. Chuo Kikuu cha Brown kilimpa shahada za heshima mwaka 1845 na 1869, na yeye akafadhili kiti cha uprofesa wa fizikia ambacho bado kinabeba jina la Hazard.

Kiwanda chake kilitengeneza nini hasa?

Hili ndilo swali lenye uchungu, na jibu lake lazima liwe wazi: kwa miaka mingi kilitengeneza kitambaa cha kuwavisha watumwa.

Kilikuwa kitambaa kizito na cha bei ndogo. Mtande, yaani nyuzi za urefu, ulikuwa wa pamba, na mshindio, nyuzi za upana, wa sufu nyeusinyeusi, ile ngumu inayokwaruza ngozi. Pamba ilitoka mashamba ya Kusini mwa Marekani, ikiwa imechumwa na watumwa. Ilifungwa marobota na kusafirishwa kaskazini, ikasokotwa na kufumwa kando ya mto Saugatucket, kisha ikarudi Kusini kwa meli ili wavishwe walewale walioichuma. Wamiliki wa mashamba waligawa nguo kwa mgao, mara moja au mbili kwa mwaka, na mtumwa aliyerarua suruali yake kabla ya mgao unaofuata alikaa nayo hivyo hivyo.

Akina Hazard walijitofautisha na viwanda vingine kwa kukwepa madalali. Isaac alishinda majira ya baridi Charleston, South Carolina, mji ambao familia ya mama yao ilikuwa na uhusiano nao wa kibiashara tangu karne iliyotangulia. Rowland, kuanzia mnamo 1833 kwa takriban miaka 10, alishinda majira ya baridi New Orleans. Walizungumza na wenye mashamba ana kwa ana, wakasikiliza malalamiko yao kuhusu unene, rangi na uimara wa kitambaa, wakaandikia nyumbani kuagiza marekebisho. Waliuza hata nguo zilizoshonwa tayari. Barua zilizohifadhiwa Rhode Island zina maagizo yenye orodha: jina la mtumwa, na mbele yake kipimo cha mwili wake. Mtu ambaye hakuwa na haki mahakamani, ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali, aliandikwa jina na kimo katika vitabu vya mfumaji wa kaskazini kwa sababu tu mkono wa koti ulipaswa kumfika kwenye kifundo.

Wala si kwamba Peace Dale ilikuwa peke yake. Kati ya 1800 na 1860, zaidi ya viwanda 80 vya kitambaa cha namna hii vilifunguliwa katika jimbo la Rhode Island pekee. Lakini wenye viwanda wengine hawakuwa wajukuu wa College Tom.

Marafiki waliopinga utumwa waliwezaje kuwauzia wenye watumwa?

Utetezi wa wakati ule haukukosekana. Mtumwa bila nguo nzito angeteseka zaidi wakati wa baridi. Kiwanda kisipouza, jirani atauza. Watu wa kijiji wanahitaji kazi. Pia kuna Marafiki walioona kwamba hoja hizo hazisimami: vuguvugu la kususia bidhaa za watumwa lilikuwapo Uingereza na Marekani, na maduka ya pamba na sukari zisizo na jasho la mtumwa yalifunguliwa Philadelphia na kwingineko. Njia nyingine ilijulikana. Iligharimu tu.

Maoni yangu ni kwamba huku kulikuwa kuuma na kupuliza. Simwoni Rowland kuwa mnafiki wa kujifanya, kwani matendo yake ya New Orleans, nitakayoyaeleza sasa hivi, yalimweka hatarini kwelikweli. Lakini fedha zilizompa muda wa kufikiri juu ya uhuru zilitoka kwa watu walionyimwa uhuru, na kumweleza mtu huyu huku ukiliruka jambo hilo ni kumdhulumu msomaji, na zaidi ni kuwadhulumu wale walioandikwa kwenye orodha za vipimo.

Kilitokea nini New Orleans?

Sheria za Louisiana zilimchukulia mtu mweusi asiye na hati mkononi kuwa mtoro. Mabaharia na vibarua weusi waliozaliwa huru katika majimbo ya kaskazini walishuka melini, wakakamatwa, wakatiwa gerezani, kisha wakafungwa minyororo pamoja na kufanyishwa kazi za barabara na mitaro. Gharama za kukaa jela walidaiwa wao. Aliyeshindwa kulipa au kuthibitisha uhuru wake angeweza kuuzwa.

Majira ya baridi ya 1841–42 Rowland aligundua kwamba miongoni mwa waliofungwa minyororo walikuwamo watu huru wa kaskazini. Aliacha mauzo, akaanza kuandika barua kutafuta viapo na vyeti kutoka miji walikozaliwa, huku akisaidiwa kisheria na Jacob Barker, mfanyabiashara maarufu wa mji huo ambaye naye alitokea familia ya Marafiki. Wengi waliachiliwa. Wenyeji walikasirika, na Rowland alitishiwa kuuawa na kundi la watu. Alikuwa mgeni katika mji wa biashara uliomlisha, wateja wake wakiwa ndio hao wenye watumwa, na angeweza kabisa kufumbia macho kama wafanyabiashara wenzake kutoka kaskazini walivyofanya. Hakufumba. Nikiulizwa ni tendo gani moja la maisha yake linalostahili kukumbukwa, nitalitaja hili kabla ya kitabu chochote.

Kiwanda kiliacha lini kitambaa hicho?

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1840, baada ya moto kuharibu jengo la zamani. Kiwanda kipya cha mawe kilijengwa, kampuni ikasajiliwa rasmi mwaka 1848 kwa jina la Peace Dale Manufacturing Company, na kuanzia 1849 ikageukia shali laini za sufu zilizopata sifa nchi nzima.

Je, nguo za Hazard zilifika Zanzibar kama merikani?

Hapana, soko lake lilikuwa Kusini mwa Marekani. Merikani iliyovaliwa Unguja, Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa pamba tupu, isiyopaushwa, iliyofumwa zaidi Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Lakini swali ni zuri, kwa kuwa historia hizi mbili zinakwenda sambamba kwa namna inayoshtua.

Mwaka 1833, kipindi kilekile Rowland alipoanza safari za New Orleans, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Waters alichukia utumwa, akaandika hivyo katika shajara yake, na wakati huohuo akatajirika kwa kushirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, katika uchumi ambao uti wake wa mgongo ulikuwa watumwa. Pamba ya merikani nayo ilichumwa na watumwa wa Marekani, kisha ikavaliwa na watumwa wa mashamba ya karafuu. Viwanda vya New England vilivisha utumwa katika bahari mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, merikani ya kweli iliadimika pwani kwetu na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Na utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha merikani na kaniki wakajifunga kanga, wakionyesha kwa nguo kwamba zama zile zimepita.

Alianzaje kuandika falsafa?

Kwa lugha. Katikati ya miaka ya 1830 alichapisha insha kuhusu lugha bila kuweka jina lake. Ndani yake alitenganisha lugha ya kusimulia, lugha ya dhana tupu, na ile ya kishairi inayomrudisha msomaji kwenye picha za kwanza za akili, kabla hazijavikwa maneno. Mtu aliyekulia kwenye ushairi wetu, ambako beti mbili hubeba hoja ambayo mahakama ingeijadili kutwa nzima, ataipokea fikra hiyo bila shida.

William Ellery Channing, mhubiri na mwandishi mashuhuri wa Boston, aliisoma na kumtafuta mwandishi. Mshangao wake kukuta ni mwenye kiwanda unaweza kuukisia. Urafiki ulizaliwa, na Channing ndiye aliyemhimiza amjibu Jonathan Edwards, mwanateolojia ambaye kitabu chake cha mwaka 1754 kilikuwa kimekaa kwa karibu karne nzima kama ngome dhidi ya hiari ya binadamu. Channing alifariki mwaka 1842. Jibu lilitoka mwaka 1864, likiitwa «Freedom of Mind in Willing».

Hoja yake kuhusu hiari ni ipi?

Edwards alisema hivi: kila tendo la utashi lina sababu, na sababu hiyo ni msukumo wenye nguvu kuliko mingine. Mtu hutenda kile ambacho msukumo mkubwa unamlazimisha. Uhuru wake ni wa kutozuiwa tu. Si wa kuanzisha jambo.

Hazard hakubishana kuhusu kama sababu ipo. Aliuliza ni nini kinachotenda. Kwake, akili ya kiumbe ina hisia na haja, ina maarifa, na ina uwezo wa kufanya juhudi. Huo uwezo wa kufanya juhudi ndio utashi. Sasa chukua mfano wa mfumaji aliyesimama mbele ya mtambo na uzi umekatika. Uzi uliokatika haumsukumi mkono. Anaujua, anajua kitambaa kitakavyoharibika dakika mbili zijazo, anataka kisiharibike, anachagua kusimamisha mtambo au kuufunga uzi ukiwa unaendelea, kisha anajitahidi. Kinachomwongoza ni jambo ambalo halijatokea, na jambo ambalo halijatokea haliwezi kuwa nguvu inayomsukuma kutoka nyuma. Limo akilini mwake tu, kama maarifa yake. Kwa hiyo akili inajiongoza yenyewe kwa maarifa yake yenyewe, na kujiongoza huko ndiko uhuru.

Kutokana na hapo akafika mbali. Kila kiumbe chenye utashi, alisema, ni chanzo cha kwanza kinachoumba, yaani kinaongeza ulimwenguni jambo ambalo lisingekuwapo. Hakuishia kwa binadamu. Wanyama nao wamo, tofauti yao ikiwa kwamba silika huwapa maarifa waliyozaliwa nayo, ambapo sisi tunayatafuta. Wakati ujao, kwa maoni yake, unatengenezwa na juhudi za viumbe wote wenye utashi pamoja na za Mungu.

Naipenda hoja hii, na naona ndiyo hukumu kali kuliko zote juu ya vitabu vya hesabu vya Peace Dale. Kama kila mwenye utashi ni muumba wa wakati ujao, basi mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya vipimo alikuwa muumba pia, na utumwa ni jaribio la kuteka uwezo huo mkubwa kuliko mwingine wowote alionao kiumbe. Na kama hakuna msukumo unaoweza kumlazimisha mtu, basi soko nalo halimlazimishi mwenye kiwanda. Kwa namna hiyo, kitabu kizima cha Hazard ni hoja dhidi ya udhuru wa «sikuwa na njia».

Alimfahamu kweli John Stuart Mill?

Ndiyo. Walikutana Uingereza mwaka 1864 na wakaandikiana barua kwa miaka. Mill alikuwa kinyume chake: aliona sababu kuwa jumla ya mambo yanayotangulia tukio bila kubadilika. Hazard alimjibu kwa barua mbili zilizochapishwa kama kitabu mwaka 1869. Hoja moja ya humo inafikirisha hadi leo: kama sababu ya tukio ni mambo yote yaliyotangulia, basi wakati wowote ule yaliyotangulia ni yaleyale kwa kila mahali ulimwenguni, na kwa nini basi matukio hayawi yaleyale kila mahali? Mill hakukubaliana naye, lakini alimwandikia kwamba alitamani Hazard asingekuwa na shughuli nyingine ila falsafa, kwa jinsi alivyoona kipaji chake.

Alishiriki siasa?

Alikuwa katika Baraza la Wawakilishi la Rhode Island mara tatu, 1851–52, 1854–55 na 1880–81, na katika Seneti ya jimbo 1866–67. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Republican, na alihudhuria mikutano mikuu ya 1856, 1860, ulioteua Abraham Lincoln, na 1868. Katika miaka ya 1850 alipambana na kampuni ya reli iliyowatoza na kuwahudumia watu wa vituo vidogo isivyo haki. Alisema kampuni iliyopewa na serikali uwezo wa kutwaa ardhi ya raia haiwezi kuwachagua raia wa kuwahudumia.

Wakati wa vita makala zake kuhusu uwezo wa kifedha wa Marekani zilikusanywa na kuchapishwa London na Amsterdam mwaka 1864, jambo lililosaidia wanunuzi wa Ulaya kuziamini hati fungani za serikali ya Lincoln. Vita vilipokwisha alipinga wale waliotaka madeni yalipwe kwa pesa ya karatasi iliyoshuka thamani.

Ndugu zake walikuwa watu gani?

Isaac Peace Hazard (1794–1879) alikuwa mshirika wake wa biashara na mtu wa msimamo: mwaka 1868 alimfikisha mahakamani Thomas Durant, kigogo wa reli ya Union Pacific, kwa niaba ya wanahisa. Joseph (1807–1892) alijenga nyumba za mawe za ajabu pwani ya Narragansett.

Thomas Robinson Hazard (1797–1886), aliyeitwa «Shepherd Tom», aliacha ufumaji mapema akajitolea kwa wanyonge. Alizunguka jimbo zima kukagua walivyotunzwa maskini na wagonjwa wa akili, ambao vijiji vingine vilimkabidhi mtu aliyetaka malipo madogo kuliko wote, kana kwamba ni zabuni. Ripoti yake ya mwaka 1851 ilianika maboma na vibanda walimofungiwa. Alipigania pia kufutwa kwa adhabu ya kifo, na Rhode Island ikaifuta mwaka 1852.

Wafanyakazi wa kiwanda walifaidika?

Mwanawe Rowland alianzisha mgawo wa faida kwa wafanyakazi mwaka 1878, jambo geni kabisa Marekani wakati huo. Miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya magadi ya Solvay huko Syracuse, na utajiri wa ukoo ukahamia kwenye kemikali.

Peace Dale ikoje leo?

Ukoo uliuza kiwanda mwaka 1918 na ufumaji ulikwisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini majengo ya mawe yapo. Maktaba ya kijiji ilijengwa mwaka 1891 na wana wa Rowland Gibson kwa kumbukumbu yake. Pembeni yake kuna sanamu ya mfumaji iliyobuniwa na Daniel Chester French, yuleyule aliyebuni sanamu ya Lincoln aliyeketi kule Washington. Iliwekwa na mjukuu wa Rowland Gibson, Caroline Hazard (1856–1945), aliyekuwa rais wa Chuo cha Wellesley kuanzia 1899 hadi 1910.

Nikitaka kumsoma mwenyewe nianzie wapi?

Caroline alikusanya maandishi ya babu yake katika juzuu 4 mwaka 1889: moja ya lugha na insha mbalimbali, moja ya hiari, moja ya barua kwa Mill na maandishi mengine ya mada hiyo, na moja ya uchumi na siasa. Hakimiliki ilishakwisha, kwa hiyo zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza. Anza na barua kwa Mill. Ni fupi na zina mtu wa kubishana naye, ambapo kitabu kikubwa cha 1864 kinarudiarudia na kuchosha.

Juzuu hizo hazitakuambia habari za kitambaa. Kwa hilo itabidi uende kwenye nyaraka za familia zilizopo Chama cha Historia cha Rhode Island, Providence, na daftari za kampuni zilizopo maktaba ya Baker, Harvard. Ukipata nafasi ya kwenda, omba barua za miaka ya 1830.